Adhabu Iliyosikika Nyuma ya Pazia

Nyumbani walimwita Kiberiti, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Siku alipomtukana mwalimu mbele ya darasa zima akasimamishwa masomo wiki moja, mama yake, fundi cherehani, hakupiga kelele.

"Sawa," alisema. "Mdomo umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu ya mikono."

Akampa masufuria ayasugue. Msichana akayabamiza mpaka jirani akachungulia. Akampa sakafu; akaimwagia maji kama anayezima moto. Kila aliponuna, mama aliongeza kazi. Mwisho akafoka, "Na shuka za bibi utafua wewe! Adhabu hiyo ndiyo itakayokutia adabu."

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa amepooza upande mmoja, na haja ndogo ilimtoka bila yeye kujua. Kitanda chake kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu.

Kiberiti alipoanza kuvuta shuka, bibi aliing'ang'ania kwa mkono wake mzima.

"Niachie, mjukuu wangu. Itakauka yenyewe."

"Bibi, imelowa chapachapa."

"Najua. Na nimesikia pia. Kumbe siku hizi mimi ni adhabu ya watu."

Msichana akaiachia shuka. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Adhabu ni masufuria, bibi," alisema. "Wewe si sufuria."

Bibi akacheka, kicheko kikaishia kwenye machozi. Kiberiti akamgeuza taratibu, akamfuta, akamvika gauni kavu. Kisha akatoka na shuka mikononi.

"Mama, nipe hata choo nisugue. Lakini hii usiite adhabu. Amesikia."

Mama alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja. Tangu bibi augue, shuka hizo alizifua yeye, bila msaidizi, wala hakuwahi kulalamika kwa sauti.

"Ulimi hauna mfupa," akasema polepole. "Kumbe moto huo umeutoa kwangu."

Akaingia nyuma ya pazia, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilichoka, nikaropoka."

"Uchovu wako nauona kila siku, mwanangu," bibi akamjibu. "Ningeweza kusimama, ningekupokea kazi."

Kiberiti alirudi shule, akamwomba mwalimu radhi huku ameuma meno. Tabia haiishi kwa wiki; aliwaka tena, si mara moja. Ila kila asubuhi, mama na binti waliingia kwa bibi pamoja, mmoja akimwinua, mwingine akitandika, naye akiwamegea umbea wa majirani aliounasa dirishani.