Kiraka cha Mwisho cha Mudrick

Siku aliyoondoka, mume wangu Mudrick alikunywa chai amesimama. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje impeleke Nyamisati akapande boti ya Kiongoroni, ambako zahanati ilimwita aende kufunga betri za sola na kompyuta. Laptopu yake aliiacha mezani, imewashwa.

"Usiizime, Zena," aliniambia. "Kuna jaribio linaendelea. Nikirudi nitamjibu yule mzee."

Nikamwambia chai ya kusimama inashukia magotini. Akacheka, akatoka.

Jioni boti ilipinduka kwenye mdomo wa mto, pale maji ya Rufiji yanapopigana na bahari. Wote waliokolewa isipokuwa yeye. Nahodha alisema alimwona ameshika dumu, halafu wimbi likapita, na lilipopita aliliona dumu peke yake. Vijana wa Kiongoroni walimtafuta kwenye mikoko siku nyingi. Hawakupata chochote, hata kiatu.

Yule mzee aliyetaka kumjibu hakuwa mzee wa hapa. Hatujui hata sura yake. Mudrick alikuwa fundi wa simu na kompyuta hapa Kibiti mjini, hiyo ndiyo iliyotulisha, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Ndani ya kompyuta kuna programu mama inayozigawia programu nyingine zote kumbukumbu na zamu ya kufanya kazi. Wataalamu wanaiita kerneli. Wanaiandika watu wa dunia nzima, na yeyote anaweza kupeleka kiraka, yaani badiliko, kikakaguliwa na wasimamizi. Kikikubaliwa, jina la aliyekishona linabaki humo. Mudrick alishakubaliwa viraka viwili vidogo. Hiki cha tatu kilikuwa kikubwa, na yule mzee ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Ninachokijua nilikipata kwa kumsikiliza huku namenya mihogo. Aliniambia kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa, na kila programu ina ramani inayoonyesha kurasa zake ziko wapi. Programu ikimaliza, kerneli inaufuta ukurasa kwenye ramani na kuipa programu nyingine. Kazi hiyo ya kufuta ilikuwa imeandikwa mara tatu, mahali patatu, kwa maneno yaliyokaribia kufanana, na kila aliyepita aliongeza lake. Yeye aliitaka iwe moja, fupi, inayosomeka. "Mtu akiisoma asiumwe kichwa," alisema. Nadhani alifurahia zaidi alipofuta mstari kuliko alipoandika mpya.

Baada ya msako kukoma, mama yake, Bi Sijaona, alitoka kijijini Mkongo akaja kukaa na mimi. Mdogo wake Mudrick, Khamisi, mwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala hapa mjini, alikuja kila siku. Sheikh alituambia kwa kuwa mwili haukuonekana, inabidi twende kwa kadhi, nahodha atoe ushahidi na mimi nitoe maneno yangu. Kadhi akithibitisha kwamba amekufa, asaliwe sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na mimi niingie eda. Nahodha alishakubali. Khamisi alishakubali. Bi Sijaona alilia, akakubali. Mimi nilisema nasubiri.

"Unasubiri nini, shemeji?" Khamisi aliniuliza. "Sema tu, nami nisubiri na wewe."

Nilimwongezea chai, lakini nilikuwa najua. Nilikuwa nasubiri kiraka. Kila asubuhi nilifuta vumbi kwenye laptopu, nikaichaji, nikafungua barua zake. Maadamu kuna mtu mahali fulani anangoja jibu la Mudrick, Mudrick alikuwa bado ni mtu wa kujibu. Na kikikubaliwa, jina lake litaingia akiwa hai. Ndivyo nilivyojiambia.

Halafu ikaja barua ya msimamizi. Kiingereza changu ni cha kusuasua, nikaisoma polepole. Aliuliza kama mwandishi bado yuko kwenye kazi hii. Alikipenda kiraka, lakini kuna swali moja hajajibiwa. Asipopata jibu, atakitoa kwenye foleni.

Nikampigia Nurdini. Huyu alisoma na Mudrick chuoni Dar es Salaam na bado anafanya kazi hizo hizo huko. Ijumaa baada ya sala alikuwa amefika, ana begi mgongoni na mkate wa boflo mkononi.

"Shikamoo mama," alimwambia Bi Sijaona.

"Marahaba baba. Umekonda. Huko Dar hamli, au mnakula hizo kompyuta?"

"Tunakula tunapokumbuka, mama."

"Mwenzio naye alikuwa hivyo hivyo. Unamwekea wali, unarudi unamkuta kuku anaula."

Tukacheka. Nurdini akakaa mezani. Khamisi akavuta kigoda nyuma yake. Alikuwa ameshaniomba laptopu ile kwa ajili ya duka, kwa adabu, na nilimwambia kiraka kwanza.

Nurdini alifanya kazi mpaka alasiri. Aliiwasha kerneli yenye kiraka ndani ya kompyuta ya mfano inayoigizwa humo humo kwenye laptopu, akaipa kazi nyingi kwa mpigo. Akairudia. Mara ya pili alivua miwani.

"Ni kizuri," alisema. "Hujui ni kizuri kiasi gani, shemeji. Mambo matatu ameyafanya moja, na ukikisoma unaelewa. Lakini kina tundu."

"Tundu gani?"

Akageuza kiti. "Kompyuta ina prosesa kadhaa, tuseme vibarua kadhaa. Kila kibarua ana nakala yake ya ramani, asiwe anarudi kuuliza kila saa. Ukifuta ukurasa, lazima uwatangazie vibarua wote watupe nakala zao za zamani. Mudrick ametangaza, hapo yuko sawa. Ila hakungoja waitikie. Ametangaza, na papo hapo ukurasa ameshampa mwingine. Kibarua ambaye bado hajasikia anakwenda kuandika mambo yake kwenye ukurasa ambao sasa ni wa mwingine. Hapa imetokea mara mbili. Programu moja imesoma maneno ya programu nyingine."

"Na hilo ndilo swali la yule mzee?" Khamisi akauliza.

"Ndilo. Ameuliza kwa nini hangoji."

"Labda ana sababu," nikasema. "Mudrick hafanyi kitu bila sababu."

Nurdini akasogeza maandishi juu. "Sababu ameiandika. Anasema tangazo likishatoka linapokezanwa, na kila anayelipata huondoka mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kusimama kungoja. Nimeshangaa. Sijui alilitoa kitabu gani."

Bi Sijaona alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Hicho si cha kitabu," alisema. "Ni cha Mkongo. Sisi tukishavuna mpunga bondeni, tunachoma mabua. Na watu bado wamo kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu ya miti tunavyolalia kulinda mashamba. Mwenye shamba anapiga ukelele, wa dungu la pili anaupokea, anampa wa tatu, unakwenda hivyo mpaka mtoni. Basi ukishapiga, unawasha. Hungoji mtu. Mudrick tangu mdogo mpiga ukelele alikuwa yeye, sauti anayo." Akautazama ule mchele. "Kumbe nilimfundisha vibaya."

"Hapana, mama," Nurdini alisema upesi. "Kule ni sawa kabisa. Mtu hata asiposikia ataona moshi, atanusa, atashuka. Prosesa haina pua."

"Haina pua," Khamisi akarudia, akajaribu kucheka.

"Basi kirekebishe," nikamwambia Nurdini. "Weka hapo angoje. Halafu kipeleke, kina jina lake."

"Nimeshajaribu. Kungoja kukiingia, yale mambo matatu hayakubali tena kuwa moja. Kila moja lina namna yake ya kungoja. Kinarudi kuwa kirefu, karibu kama cha zamani. Pengine ndiyo maana kile cha zamani ni kirefu." Alisema neno hilo kwa upole, lakini lilinichoma. "Kinahitaji kufikiriwa upya, miezi mingi. Na hiyo ni kazi ya mwenyewe aliyekishona."

"Mwambie msimamizi asubiri, basi. Mwambie jibu linakuja."

"Linakuja kutoka kwa nani, shemeji?"

Nikalitazama jina la Mudrick kwenye skrini.

"Tena kuna hili," akasema. "Tazama. Kuna watu wawili wameshakichukua wanakitumia kwenye mashine zao, kwa sababu kimekaa kwenye foleni muda mrefu na kinapendeza. Mmoja ameandika kwamba anangoja Mudrick athibitishe. Wanamwamini. Nikisema jibu linakuja, wataendelea nacho."

Nilitaka Bi Sijaona aseme kitu. Yeye ndiye aliyemzaa. Alikuwa ananitazama mimi, na Khamisi ananitazama mimi, na nilielewa kwamba tangu boti ilipopinduka wote walishaitikia, mmoja mmoja, na walikuwa wamekaa hapa wananingoja bila kunisukuma.

"Andika kwamba kina kosa," nikasema. "Wakiache."

"Nimeandika. Na msimamizi ameuliza kama mwandishi bado yuko. Niseme amejitoa?"

"Mudrick hakujitoa."

"Nisemeje?"

Neno lililobaki nilishalisikia kwa kila mtu katika nyumba ile, na mimi nilikuwa sijalitia mdomoni hata mara moja.

"Andika amefariki. Alizama Rufiji."

Nurdini akaandika. Akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, akauliza kama apeleke. Nikasema apeleke. Bi Sijaona akasema innalillahi, nasi tukaitikia, na hapo ndipo nilipolia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari siku ile ile.

Msimamizi alijibu kesho yake. Alitoa pole, akaandika kwamba marehemu alikuwa na jicho zuri na wamekosa mtu. Kiraka akakiondoa. Sehemu zile tatu za kufuta kurasa zimebaki tatu, ndefu kama zilivyokuwa, na jina la Mudrick halimo hata katika mojawapo.

Jumatatu nilikwenda kwa kadhi pamoja na Khamisi na nahodha, nikatoa maneno yangu. Sala ya ghaibu ilisaliwa Ijumaa iliyofuata, msikiti ulijaa hadi barazani. Laptopu iko dukani kwa Khamisi. Mimi niko eda, sitoki, na sokoni anakwenda Bi Sijaona.