Sura ya Myriam kwenye Kioo Kikubwa

Séraphin alijua kwamba macho ya mke wake yamechoka siku ile Athanasie aliposifia ukuta.

Binti yao Myriam alikuwa ameolewa Walikale, na huko ndiko alikojifungua mtoto wake wa kwanza. Vita ilikuwa imefunga njia. Magari hayakupita tena, ila pikipiki chache zilizobahatisha bunduki ziliponyamaza. Basi wazee hawa wa kijiji cha Lushebere wakawa wanamwona mjukuu wao kwa simu. Siku hiyo Myriam aliweka simu chini ili amfunge mtoto nguo, na picha ikabaki kwenye ukuta wa mbao wenye beseni lililotundikwa. Athanasie, simu ikikaribia kugusa pua yake, akatabasamu.

"Angalia paji ya uso," alimwambia mumewe. "Ni ya baba yako kabisa."

Séraphin alinyamaza. Walikuwa wamelima maharagi kwenye kilima kimoja tangu ujana wao, na alijua jinsi Athanasie alivyochukia kuonewa huruma.

Kesho yake alikwenda mjini Masisi kuulizia televisheni kwenye duka la Kaswera, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Goma.

"Mama Kaswera, nasikia kuko télé zenye kuongea na simu. Ni kweli?"

"Ndiyo, Papa, njo zile wanaita smart. Iko ka simu kubwa. Inakamata intaneti, unaangalia video bila parabole, ile sahani ya juu ya nyumba. Na kama hauna intaneti mingi, inashikana tu na simu yako, bila waya. Kile simu inaonyesha, télé nayo inaonyesha."

"Hata sura ya muntu mwenye kuniita?"

"Hata sura. Lakini yeye atakuona kwa kamera ya simu, na utaongea ku simu. Usianze kupigia télé kelele."

"Na moto ya umeme? Miye niko na panneau moja tu ya jua."

"Basi usitafute kubwa ya kujionyesha. Chukua ya volti kumi na mbili, ile inatumika na batterie." Kisha akamtazama. "Papa, wewe hata redio haukufungua mingi. Télé ni ya nini?"

Séraphin akamweleza habari ya ukuta. Kaswera aliacha kukunja vitenge. Wakaelewana: maharagi ya msimu yangekwenda kwake, naye angeleta televisheni pamoja na bidhaa zake.

Lori lenye bidhaa za Kaswera lilitoka Goma, likapita Sake wakati kumetulia, lakini nyuma yake mapigano yakaanza upya. Lilipofika Bihambwe likaharibika, na dereva akatuma habari kwamba kila mtu aje achukue kilicho chake, maana wanakijiji walikuwa wameanza kukimbia.

"Iache, Papa," Kaswera alimwambia. "Kitu inaweza kupotea. Muntu, hapana."

Séraphin akaenda hata hivyo, akiwa na godoro la sponji. Huko Bihambwe aliizungushia televisheni godoro hilo isionekane, akakaza kamba, akajitwika mgongoni. Barabara ilijaa watu wenye sufuria, kuku na magodoro, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Hapo ndipo aibu ilipomshika. Wenzake walikuwa wamebeba kilichobaki cha nyumba zao, yeye amebeba televisheni.

Mama mmoja aitwaye Mukashema, mwenye kitoto mgongoni na kingine kikivutwa mkono, akamwomba, "Papa, huyu amechoka. Akae kidogo juu ya matela yako?"

"Juu ya matela hapana, dada. Lakini kifua iko."

Akambeba yule mtoto mbele, televisheni nyuma, mpaka kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Mtoto alilala njia nzima. Séraphin alipomrudisha kwa mama yake, mikono haikunyooka tena. Jioni ile Athanasie aliikanda kwa maji ya moto bila kuuliza ndani ya godoro mna nini.

Jumapili, baada ya misa, Kaswera alikuja kuiunganisha televisheni. Kioo kilikuwa kizima. Alitafuta simu ya Séraphin katika majina yaliyotokea kwenye kioo, akabonyeza, na mara picha ya simu ikahamia kwenye televisheni, nyembamba kama mlango.

"Lalisha simu ubavu," alisema, na picha ikajaa kioo kizima.

Myriam akatokea. Athanasie alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Kila mtu alingoja amsifie mtoto. Hakumtazama mtoto.

"Myriam, mbona umekonda hivi?"

"Ni simu, Mama. Inaharibu sura."

"Leo sikuangalii mu simu. Mifupa ya shingo yako naiona."

Myriam aliinamisha kichwa. Kisha akasema ukweli aliouficha miezi mingi: soko la Walikale halikuwa na kitu, na maziwa yake yalikuwa yanapungua. Athanasie hakulia. Alimwambia amsogeze mtoto karibu, akamtazama kwa muda mrefu, pua, masikio, vidole.

"Sasa njo namujua," alisema polepole. Halafu, bila kugeuka, "Papa Myriam, ulikuwa unajua sioni."

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza."

Athanasie akatafuta mkono wake, akaushika. "Basi njia ya Goma ikifunguka, tutaenda kwa muganga wa macho. Leo tufunge unga kwanza."

Walifunga unga, maharagi yaliyobaki na karanga, na Kaswera akampa mfuko dereva wa pikipiki aliyemwamini, aupeleke Walikale. Siku nyingi zilipita bila habari. Kisha Jumapili moja Myriam akapiga simu kusema mfuko umefika, na Athanasie akadai aoneshwe sahani yake. Myriam akaiweka mbele ya kamera, akaanza kula taratibu. Huku Lushebere nao wakapakua chakula, wakasogeza viti mbele ya kioo, wakala naye.