Msumeno wa Fungu Namba Saba

Msumeno wa Anselme Grosperrin ulikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya gogo la mwaloni. Haukuaga. Ulikohoa mara mbili, ukatema moshi mweusi, ukanyamaza na mnyororo wake ukiwa umebanwa mle mle ndani ya mti. Anselme akabaki ameshika mpini kama mwanamume aliyepakatishwa mtoto wa watu kanisani. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na mmoja, yeye na ule msumeno. Pale kijijini kuna ndoa ambazo hazikufika nusu ya hapo.

Mtu mwingine angesema basi, nitaletewa kuni kwa lori kama watu wa mjini. Lakini Anselme alikuwa na fungu. Kila mwaka majani yakishapukutika, meya huwaita watu ofisini kwake, kofia hupitishwa, na kila nyumba inayotoa moshi huchota namba. Namba ni kipande cha msitu wa kijiji, na miti iliyopigwa rangi nyekundu humo ndiyo kuni zako. Ukate, upasue, upange, uwe umemaliza kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Ukichelewa, nyumba yako inafutwa kwenye daftari, na kurudi ni kuomba upya kama mtu aliyehamia jana na mbwa wake. Nyumba ya Grosperrin ilikuwa kwenye daftari hilo tangu babu wa babu yake, na haikuwahi kufutwa, hata wakati wa vita.

Sasa ilikuwa Machi imeanza, na nusu ya fungu namba saba ilikuwa bado imesimama.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Anselme hakumwambia mtu. Vidole vyake vilikuwa vinakufa. Akishika msumeno dakika kumi, vinageuka vyeupe kama mishumaa na haviwi vyake tena. Daktari alimwambia ni ule mtikisiko, na kwamba aache. Anselme akamshukuru, akatoka, akaikunja ile karatasi ya daktari ndogo kabisa, akaificha ndani ya saa ya ukutani. Watu wakijua, watasema mzee amekwisha, na jina lake litoke kwa heshima. Yeye hakuitaka heshima ya namna hiyo.

Alipofika nyumbani, mkewe Solange alikuwa anamenya viazi.

"Umekufa?" akauliza bila kuinua macho.

"Nani?"

"Msumeno. Umerudi hata supu haijachemka."

"Umekufa."

"Pole yake. Keti, nikufungue vifungo vya koti."

Anselme akaketi. Hakujiuliza kwa nini mkewe amfungue vifungo. Alikuwa anamfungua tangu Novemba.

Habari za msiba zikaenea. Kabla ya jibini kuletwa mezani, jirani yao Léonce alishaingia, kofia mkononi, akajimiminia divai mwenyewe.

"Sikiliza, jirani. Usifanye ubahili. Chukua mkubwa. Ule upanga wa mbele, unaozungukwa na mnyororo, uwe sentimita sitini. Chini ya hapo ni kisu cha kupakia siagi."

"Sitini?"

"Mwaloni ni mwaloni. Unataka kuukata au kuukuna mgongo?"

Anselme akakubali kwa kichwa. Ilikuwa na maana. Akalala na sentimita sitini kichwani.

Kesho yake akaja shemeji yake Firmin, kaka yake Solange, mmoja wa wale wazee watatu wanaosimamia msitu kwa niaba ya kijiji. Ndiye anayekagua mafungu na kutia alama kwenye daftari.

"Sitini?" Firmin akacheka mpaka akashika ukuta. "Nani kakwambia, Léonce? Shemeji, utautoa mgongo wako pale ubaki unatembea kwa magoti. Chukua mdogo, wa sentimita thelathini. Mwepesi kabisa, wa kushika mkono mmoja ukiwa umening'inia kwenye genge la mlima."

"Mimi sining'inii gengeni."

"Huwezi jua."

Ilikuwa na maana vilevile. Anselme akakubali kwa kichwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumkoroga. Usiku sitini, asubuhi thelathini. Akamuuliza mwokaji mikate, akaambiwa anunue wa betri, hauna kelele. Mwokaji hulala mchana. Akamuuliza padri, padri akasema yeye ana gesi.

"Solange," akasema Ijumaa, supu ikipoa mbele yake, "watu wawili wanaojua kuni, wamezaliwa msitu mmoja, inakuwaje mmoja aseme mkubwa na mwingine mdogo?"

"Fungu la Léonce lina nini mwaka huu?"

"Ule mwaloni ulioangushwa na upepo. Mnene kama pipa."

"Na la kaka yangu?"

"Vijiti vya ule mti wa charme, huko gengeni. Vyembamba lakini vigumu kama pembe."

"Na mwenye msumeno unaofaa akiitwa na jirani, anaruhusiwa kukataa?"

"Nani kakataa lini? Unaitwa, unakata, unalishwa chakula cha mchana. Ndivyo ilivyo."

"Basi," akasema Solange, akaendelea kula.

Anselme akaingoja sentensi iishe. Haikuendelea. Alitafuna ile "basi" mpaka siku ya pili njiani kwenda mjini, na hata yeye na mkewe walipoegesha gari mbele ya duka la mashine bado ilikuwa haijalainika.

Muuzaji alikuwa mwanamke, Maëlle, mabega mapana, penseli nyuma ya sikio. Nyuma yake misumeno ilining'inia ukuta mzima, ya rangi ya chungwa, ya bluu, myekundu kwa myeupe, kama samaki sokoni.

"Karibu, mzee. Unakata mti gani?"

"Mgumu. Mwaloni, charme."

"Uliosimama au uliolala?"

"Wote."

"Unene?"

"Kuna mwembamba na mnene."

Maëlle akaitoa penseli, akairudisha. "Mnyororo je? Kuna wa meno yenye pembe kali, unakata kama wembe lakini ukigusa mchanga umekwisha. Na kuna wa meno yaliyoviringwa, mpole kidogo, ila kwenye mti mgumu unavumilia siku nzima bila kunolewa."

Anselme hakujua kwamba mnyororo una pembe. Miaka thelathini na mmoja meno yalikuwa makali kila asubuhi, naye hakuwahi kuwaza yamekuwaje makali. Akamgeukia mkewe. Solange alikuwa anasoma bei ya glavu.

"Ule mkubwa," akasema, ili aseme kitu.

Nyuma ya duka kulikuwa na gogo la charme juu ya stendi ya mbao, la wateja kujaribia. Maëlle akamvalisha kofia yenye wavu usoni na vifuniko vya masikio, na suruali nene ya kukinga miguu, iliyomfika chini ya kwapa. Anselme akauwasha msumeno wa sitini. Ukanguruma, ukaingia kwenye mti, na yeye akaingia nao nusu. Alipokata kipande cha pili vidole vyake vilikuwa vimeshaondoka.

Akajaribu mdogo. Ukaruka ruka juu ya ganda kama kuku mwenye njaa, na vidole havikurudi.

Akajaribu wa betri. Akabonyeza, akasimama, akaungoja.

"Unangoja nini, mzee?"

"Upate moto."

"Umeshawaka."

Anselme akautazama. Haukuwa na harufu wala mtetemeko, na yeye hakuona sababu ya kuuamini. Akauweka chini taratibu kama mtu anayelaza bunduki, akavua ile suruali na glavu, na kabla hajauingiza mkono mfukoni Maëlle akawa ameona. Vidole vinne vyeupe pe, na kucha za bluu.

Maëlle akauondoa ule wa betri. Kisha akauliza, "Mzee, una haraka ya lini?"

Anselme akatoa tangazo la meya, lile linalobandikwa ofisini, akamwonyesha. Alikuwa analibeba kila mwaka kwenye koti, ila hakuwahi kulisoma. Baba yake alimwambia yaliyomo akiwa na miaka kumi na minne na ikatosha. "Tarehe kumi na tano. Jina langu ndilo liko kwenye daftari. Lazima nikate mimi."

Maëlle akasoma, midomo ikicheza. "Hapa hapana jina la mtu. Inasema fungu ni la kaya. Likatwe na wanakaya."

"Kaya ya nani?"

"Fungu namba saba, imeandikwa Grosperrin."

"Ndiyo mimi."

"Ni nyinyi wangapi nyumbani, mzee?"

Swali lilikuwa rahisi, na Anselme alilishindwa. Akajiona anahesabu. Nyuma yake akasikia zipu: Solange alikuwa ameshaivaa ile suruali nene, na yeye ilimkaa.

"Niletee wa sentimita arobaini," Solange akamwambia Maëlle. "Si wa betri. Nionyeshe mnyororo unakazwa wapi."

"Hapa pembeni, mama, kwa spana hii."

"Chujio la hewa?"

"Unafyatua kifuniko hiki kwa mkono."

"Mnyororo uwe wa meno ya mviringo. Yale ya pembe nimeyanoa miaka ya nyuma, yalinimalizia tupa mbili kwa mwezi."

"Umeyanoa wewe?" Anselme akauliza.

"Ulidhani yanajinoa yakilala?"

Solange akaukanyaga msumeno kwa ncha ya kiatu, akavuta kamba mara moja, ukaitika. Hakuusukuma. Aliuacha uingie kwenye charme kwa uzito wake, akiwa amesimama kidogo pembeni, kidole gumba kimepita chini ya mpini wa mbele. Kipande kikaanguka, bapa kama sahani. Akakata kingine. Maëlle akaipeleka penseli mdomoni.

"Mama, umefundishwa na nani?"

"Mwaka ule huyu alipovunjika mguu, fungu lilikuwa namba kumi na tisa. Miti thelathini na minne."

"Aliyekata ni Firmin," Anselme akasema.

"Firmin alikaa juu ya kisiki akala soseji. Alikuwa ananiambia mti utaangukia wapi, na kila mara ulikwenda pengine."

"Lakini mimi nilimpa chupa sita za divai. Nilimshukuru mbele ya watu, kwenye harusi moja."

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Solange akazima msumeno. "Ungeniacha nikate tena?"

Anselme akaokota kile kipande bapa, akakigeuza. Alikuwa na majibu matatu na yote yalikuwa ya uongo. Kisha Solange akashusha sauti, ile ya kuongea kitandani. "Mzee wangu, saa ya ukutani ilisimama tangu Desemba. Niliifungua kuona kuna nini. Kuna daktari humo ndani."

Walirudi na msumeno wa sentimita arobaini nyuma ya gari. Njia nzima Anselme alisoma kitabu cha maelekezo, upande wa Kijerumani.

Wakaingia msituni Jumatatu. Solange alikata, Anselme alipasua na kupanga. Shoka halikuwa na ugomvi na vidole vyake. Mwanzoni alijaribu kutoa ushauri. Siku ya tatu alikuwa anaambiwa.

"Ganda juu, Anselme. Unapanga kuni au unazimwaga?"

"Baba yangu alipanga hivi."

"Na ziliota uyoga. Nilizichoma mimi."

Mwishoni mwa Machi Firmin akaja na daftari kwapani kukagua. Akasikia msumeno kwa mbali, akasikia unavyolia bila kukwama, akasema moyoni shemeji kapona. Halafu akaona shemeji amekumbatia magogo, na aliyevaa kofia yenye wavu akainua wavu.

Firmin akasimama. Alimtazama dada yake, akatazama kisiki kilichokuwa karibu, akaona asikikalie.

"Jamani," akasema, "sasa... anayekata hapa ni nani? Nitaandika nini mie?"

"Andika kaya," Solange akasema.

"Watu watauliza."

"Wakiuliza, waambie na habari za fungu namba kumi na tisa. Au niwaambie mimi?"

"Hapana, hapana. Mbona kaya ni neno zuri tu." Akaandika kwa haraka, akamnong'oneza Anselme, "Zile chupa, shemeji, mbili nilizimwaga."

Tarehe tisa Aprili fungu namba saba lilikuwa limekwisha, isipokuwa tawi moja. Steri kumi na sita, kila moja mita kwa mita kwa mita, zimepangwa sawa mpaka Léonce alipopita akazihesabu mara mbili. Firmin akatia alama kwenye daftari, na Grosperrin wakabaki walipokuwa.

Lakini Léonce hakuondoka. Alivua kofia, akaizungusha.

"Solange. Mwaloni wangu ule. Sentimita arobaini ukiingia pande zote mbili, unafika katikati. Nimepima."

"Unajua desturi, jirani. Anayeita analisha."

"Mimi? Mimi sijui kupika, mke wangu yuko kwa dada yake mpaka Pasaka."

"Basi utajifunza. Kesho saa tatu. Napenda viazi vilivyokaangwa na kitunguu, visiungue chini."

Léonce akamtazama Anselme kama mtu anayetafuta mlango. "Na wewe, jirani? Unakula nini?"

Anselme hakuwa na hakika kama naye ameitwa. Desturi ilisema analishwa mwenye msumeno. Ya mume wa mwenye msumeno haikusema kitu, kwa sababu haijawahi kutokea. Aliokota kopo la petroli na kabari, akaona asiulize mbele za watu, kisha akageuka amuulize mkewe kwa siri. Lakini Solange alikuwa ameshashusha wavu na kuvuta kamba, ana tawi la mwisho la kumalizia, na kwa ule ungurumaji hakuna ambacho angesikia.