Mbegu ya Tangi la Moto

Ukiingia maabara ile ukamkuta mwanamke mwenye aproni iliyotobokatoboka kwa asidi, huyo ndiye Bi Mvuke. Tangi lake lilikaa kwenye nyuzi sabini na tano usiku na mchana, na maji yake yalikuwa makali kama siki. Humo, jamani, ndimo walimoishi vijidudu wake! Wakishaongezeka aliwavuna akapata protini isiyoharibika kwa moto, ambayo watengenezaji wa dawa waliingoja kwa hamu.

Aliyewaleta ni baba yake, fundi wa maabara hiyohiyo kabla hajastaafu. Aliwachota kwenye chemchemi ya maji moto, akaungua mguu, na mpaka leo anachechemea. Mwaka uliofuata mlima uliporomoka ukaifukia chemchemi, ikawa ndiyo basi. Kila jioni mzee aliuliza, "Wadogo zako hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Wanakula kukushinda wewe."

Sasa, kuvuna ni kuua. Lazima vijidudu wapasuliwe ndipo protini itoke. Kwa hiyo kila wakivuna, Bi Mvuke alibakiza chupa moja ya mbegu, yaani vijidudu hai wa kuanzia upya, na kuitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto hadi tangi lioshwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na aliyeitunga ni mzee mwenyewe.

Asubuhi ya mavuno simu ikalia: mzee ameanguka bafuni, kakimbizwa hospitali. Bi Mvuke alichanganyikiwa. Chupa alikuwa nayo mkononi, na mkono ule ulikuwa umefanya kazi ya hamira miaka tisa kabla ya kuja hapa. Hamira ukitaka isiharibike, unaitia kwenye friji. Akafungua friji, akaiweka chupa, akatoka mbio. Ah, mazoea haya! Kiumbe wa moto akipoa ndani ya asidi hana tena nguvu za kuizuia isimwingie, nayo humla kimyakimya.

Siku ya tatu, alipofungua friji, ndipo alipoiona ile chupa. Aliwahamishia kwenye maji mapya ya moto, akangoja wiki nzima yatibuke kama ilivyo kawaida wakianza kuzaana. Hayakutibuka.

Wiki hiyo yote, pale kitandani hospitalini, mzee aliuliza swali lake na binti akajibu, "Hawajambo." Lakini njia ya mwongo ni fupi.

"Mbona siku hizi unanijibu huku unaangalia dirisha?" mzee akamuuliza.

"Wamekufa, baba. Niliwaweka kwenye friji. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Alitamani atukanwe, apate nafuu. Mzee hakumtukana.

"Na wale wa tangini?"

"Tuliwavuna wote asubuhi ileile."

"Basi niletee hayo mavuno niyaone."

Kesho yake akamletea kichupa cha unga mweupe, hata kijiko cha chai haujazi. Mzee akakigeuzageuza, akakiweka kifuani, akakifunika kwa viganja vyote viwili. Kabla ya hapo Bi Mvuke hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku walipomzika mama.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema, bila kukiachia kichupa. "Ila nilidhani nitatangulia mimi."