Mfiwa Ni Nani

Ilipofika saa moja na nusu asubuhi, Emerensiana alikuwa ameshaangalia saa yake mara kumi na nne. Baridi ya Julai ya Makambako ilikuwa inamkata masikio, na koti la mitumba alilonunua juzi pale sokoni lilikuwa halina hata kifungo kimoja; alikuwa ameona haya kulikagua mbele ya watu. Kwapani alibana bahasha yenye kurasa kumi na mbili. Hizo zilikuwa kamili. Kilichopungua ni mtu.

Mwaka ule wa tisini na nne wasomi wa chuo kikuu waliamua kongamano lao la utafiti wa sanaa za maonyesho lifanyike Njombe. Barua ya mwaliko ilisema wanataka kuifuata sanaa iliko. Basi wakaifuata, na walipofika tu wakaanza kuuliza kama ukumbi una hita. Emerensiana, mwalimu wa sekondari, alikuwa mmoja wa vijana wanne waliopewa kutoa mada, na nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili ilikuwa moja tu. Ingetolewa jioni ile, na mtoaji alikuwa Profesa Nahumu. Wenzake watatu walikuwa na karatasi tu. Yeye mbele ya jina lake kwenye ratiba palichapwa maneno "pamoja na onyesho la mwombolezaji", saa nne kamili. Sasa mwombolezaji mwenyewe, bibi anayeitwa kuimba misibani, haonekani.

Mara akamwona. Bibi Oktavia alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Kitandililo, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya sweta, hana haraka na mtu.

"Kamwene, mwanangu. Nimekuchelewesha?"

"Kamwene, bibi. Shikamoo. Hata kidogo," alidanganya Emerensiana.

Kheri, mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka marobota ya nguo Njombe, aliwapakia mbele kwenye pikapu yake. "Huko nyuma robota likimlalia bibi, mwalimu, msiba utakuwa wangu," alisema. Bibi Oktavia akacheka. Emerensiana hakucheka. Alikuwa anawaza ukurasa wa saba.

Katika ukurasa wa saba alikuwa ameandika kwamba mwombolezaji hahuzuniki. Kwamba machozi ya msibani ni ufundi unaofundishwa, sawasawa na mkono wa mpiga ngoma. Akiwa anaandika aliona amesema jambo kubwa. Sasa mwenye machozi alikuwa amekaa bega kwa bega naye, na baada ya saa mbili angesikia anavyosemwa mbele za watu. Je, akisusa? Je, akiinuka na kuondoka zake? Na jambo lililomtia hofu zaidi ni kwamba alipokwenda kumwomba, bibi hakuuliza hata swali moja. Alisema "Nitakuja", basi.

Tena bibi hakuwa mgeni kwa ukoo wao. Mzee Odilo, fundi seremala wa pale misheni ya Uwemba, alipofariki miaka mitatu nyuma, aliyeitwa kuja kumwombolezea ni huyuhuyu Bibi Oktavia. Na Mzee Odilo ndiye baba yake Emerensiana. Telegramu ilimfikia chuoni Dar es Salaam siku ya nne, watu wameshazika na kutawanyika. Kesho yake kulikuwa na mtihani wa mwisho. Akaufanya, akafaulu vizuri, na kila aliyekutana naye akampa hongera. Kulia hakulia. Mwanzo alijiambia atalia akipata nafasi, halafu akaacha kujiambia.

Saa nne na dakika mbili alikuwa mbele ya ukumbi wa Njombe. Pembeni yake walikuwa wametandika mkeka, na Bibi Oktavia amekaa juu yake, miguu ameinyoosha. Profesa Nahumu alikuwa mezani na kengele yake ndogo ya shaba. Mtoa mada alipewa dakika ishirini, na siku iliyotangulia Profesa alimpigia kengele daktari mzima wa falsafa katikati ya sentensi.

Emerensiana alisoma. Alipofika ukurasa wa saba aliukimbia mbio, sauti imeshuka, akitumaini maneno yatapita bila kuonekana. Akamtupia bibi jicho. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Na sasa," alisema, "bibi yetu atatuonyesha. Karibu, bibi."

Bibi Oktavia aliutazama ukumbi mstari kwa mstari.

"Mfiwa ni nani?" akauliza.

Watu wakacheka kidogo. Emerensiana naye akalazimisha kicheko. "Leo hakuna msiba, bibi. Tunawaonyesha tu."

"Nimeelewa. Na umesoma vizuri, ni kweli, mimi huwa silii. Nikilia mimi, ataimba nani? Marehemu naye hasikii. Kazi yangu ni kumliza mfiwa, maana asipolia siku ile atakaa na huzuni yake. Mimi siimbii viti. Mfiwa ni nani?"

Profesa Nahumu akaandika kitu kwenye daftari lake. Emerensiana alipitisha kurasa zote kumi na mbili kichwani, na mfiwa hakumkuta hata katika mmoja.

"Dakika tano, Mwalimu," alisema Profesa.

Hapo akakumbuka kwamba somo la uigizaji alilipata kwa alama ya juu kabisa. Kumbe anahangaika bure! Alivua viatu, akakaa mkekani, akajitanda mtandio. Atatikisa mabega, atafunika uso, atahesabu mpaka sitini.

"Mfiwa ni mimi, bibi."

"Mtoto wa Odilo," akasema Bibi Oktavia. "Haya."

Alianza kwa Kibena, chinichini. Aliimba randa inayoning'inia ukutani haina wa kuishika. Aliimba milango aliyowatengenezea watu wote wa Uwemba, na mlango wa fundi mwenyewe ukiwa umezibwa kwa gunia. Emerensiana alikuwa amefika ishirini na moja kwenye kuhesabu kwake. Gunia lile alilijua. Lilikuwa na maandishi mekundu, na baba alikuwa anasema kila Jumapili kwamba mlango utatengenezwa wiki ijayo.

"Odilo, wanao wamekuja," aliimba bibi. "Tarsis amekuja. Emerensiana! Emerensiana yuko wapi?"

Kaka yake alimwandikia habari hiyo baada ya mazishi. Uliitwa mara tatu, alisema Tarsis katika barua, na sisi tukainamisha vichwa.

"Emerensiana!"

Hesabu ilikuwa imempotea.

"Emerensiana!"

"Abee," aliitika, kwa sauti ya kitoto, kisha akalia. Mabega hayakutikisika kama alivyopanga. Alilia vibaya, kamasi zikimtoka, uso wake kwenye goti la bibi. Kengele ililia. Bibi Oktavia hakuijali. Aliimba mpaka mwisho, polepole, mkono wake ukiwa mgongoni kwa mfiwa.

Ukumbi ukapiga makofi.

"Mbona wanapiga makofi?" aliuliza bibi.

Profesa Nahumu alikuwa amesimama, anatabasamu. "Onyesho zuri sana. Hasa wewe, Mwalimu. Lile la kuitika limenisisimua. Mlifanya mazoezi muda gani?"

Jibu lilikuwa rahisi. Wiki mbili, Profesa. Akisema hivyo tu, nafasi ni yake, aliiona usoni mwa yule mzee. Alifungua mdomo. Mkono wa bibi ulikuwa bado mgongoni.

"Hatukufanya mazoezi," alisema. "Baba yangu amefariki."

Makofi yakakatika. "Lini?" aliuliza Profesa.

"Miaka mitatu iliyopita. Sikuwa nimemlilia." Alijifuta pua kwa mtandio. "Na mada yangu ina kasoro, Profesa. Nimemwandika anayeimba, anayelizwa sikumwandika. Naomba kuiondoa."

"Mada iliyoondolewa siwezi kuipa nafasi. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Na iliuma, asikudanganye mtu.

Profesa Nahumu alifunga daftari. Akaizunguka meza, akafika ukingoni mwa mkeka, akavua viatu. Alichuchumaa kwa shida, mtu wa umri wake, akaushika mkono wa Emerensiana kwa mikono yake miwili.

"Pole kwa msiba," alisema.

Nyuma yake viti vilianza kusogezwa. Watu walikuwa wanapanga mstari.

"Nimeshapoa," Emerensiana alijibu, kama inavyojibiwa siku zote, ingawa ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulia.