Karatasi za Getini

Daktari Tonchev aliuliza swali moja tu, na mimi ndiye niliyelijibu. Sikuulizwa mimi, lakini mdomo wangu haujawahi kusubiri zamu.

Ilikuwa Desemba. Ognyan, mtoto wa marehemu mdogo wangu Vasil, alikuwa amezimia akipanda ngazi na mfuko wa saruji begani. Miaka ishirini na tisa, kifua kipana kama mlango wa zizi. Nilimburuta mwenyewe hadi zahanati ya kijiji, ambako daktari huja Jumanne na Ijumaa. Akampima presha, akamsikiliza kifua, kisha akauliza, "Kwenu kuna mtu aliyekufa kijana kwa ajili ya moyo?"

"Hakuna," nikasema. "Mioyo yetu ya chuma, daktari. Baba alianguka kutoka kwenye mti wa cheri. Kaka yangu Krum gari lake liligonga mti. Baba yake huyu alizama bwawani. Ukoo wetu unakufa kwa bahati mbaya, si kwa ugonjwa."

Tukacheka wote watatu. Daktari alisema kama angekuwepo hata mmoja, angemtuma Ognyan mjini siku ileile akapimwe umeme wa moyo. Kwa kuwa hayupo, ale vizuri na apunguze saruji. Tukashukuru, tukaenda zetu.

Nisingeweza kujibu vingine, maana ndivyo nilivyolelewa. Baba alipokufa, mama yangu Zlata aliukata ule mcheri kwa mkono wake, na tangu hapo hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyepanda mti. Krum alipokufa, likauzwa gari, na hadi leo hakuna anayeendesha. Vasil alipokufa, bwawa likawa haramu. Kila kifo mama alikipatia mkosaji, akamfukuza, akalala usingizi. Nasi tukafuata kama kondoo.

Kazi yangu ni kuchapa karatasi za marehemu. Huku kwetu Bulgaria mtu hafi mara moja. Picha yake, jina lake na miaka yake vinabandikwa getini, kituo cha basi na kwenye nguzo za umeme, siku anayokufa, siku ya arobaini, mwaka, miaka mitano, ishirini, mpaka waliomjua nao wapate karatasi zao. Kitu kimoja tu hakiandikwi: kilichomuua. Kuandika hilo ni kama kuanika nguo za ndani barabarani.

Tarehe tano Januari mama akaja dukani na kitambaa chake cheusi. Mwaka huo Vasil alikuwa anatimiza miaka ishirini kaburini.

"Mwaka huu waweke wote watatu karatasi moja," akasema. "Mimi nina miaka themanini na moja, sitaki kuzunguka na gundi mara tatu."

Nikazipanga picha tatu kwenye kompyuta. Baba, arobaini na tatu. Krum, arobaini na moja. Vasil, thelathini na sita. Miaka yote hiyo nilikuwa nawachapa mmoja mmoja, kila mmoja na siku yake. Sikuwahi kuwaona wamesimama pamoja. Sasa nikawaona, nikaisoma miaka yao tena: hakuna aliyefika hamsini.

"Mama, Vasil alikuwa anaogelea kuliko bata. Alizamaje?"

"Maji hayana rafiki."

"Na Krum? Barabara kavu, mchana, hajaonja hata tone la pombe ya rakia."

"Nedka, chapa karatasi."

"Sichapi."

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja. Alifungua kitambaa, akakifunga tena. "Baba yako alikufa akiwa bado juu ya ngazi, pale mcherini," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika. Macho yalizimika kwanza, ndipo akaanguka. Na Vasil, daktari aliyempasua maiti aliniambia mapafu yalikuwa makavu, hayana tone la maji."

"Ukanyamaza?"

"Ungeolewa na nani wewe? Na Ognyan nani angempa binti yake? Nyumba yenye moyo mbovu haipigiwi hodi na mtu."

"Niliolewa na Mincho, mama. Mlevi, akanikimbia."

"Basi si uliolewa."

Nilimchukia wakati ule, naandika bila kupindisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu kifo kilikuja mara tatu na bado mama alikuwa anakifichia.

Nilimpigia Ognyan usiku kucha, simu imezimwa. Asubuhi ilikuwa Yordanovden, siku padri anapotupa msalaba mtoni na wanaume wanaurukia kwenye maji ya barafu. Nikakimbia na makalio yangu haya mpaka mtoni. Nilifika Ognyan ameshatoka. Amefunikwa blanketi, mwekundu kama kaa, na msalaba mkononi. Anayeudaka huwa mzima mwaka mzima, kila mtu anajua. Mama alikuwa pale anaubusu. Bwawa ni haramu, lakini maji yaliyobarikiwa hayaui.

Nikamvuta pembeni, nikamwambia yote: ngazi, mapafu makavu, miaka.

"Shangazi, umekuja kuniharibia sherehe?" Akacheka, meno yanagongana. "Nimetoka kwenye barafu, nimesimama mbele yako. Moyo mbovu gani huo?"

"Nenda mjini kesho. Kwa ajili ya Raya basi." Raya ni binti yake, ana miaka saba.

"Nina nyumba ya watu haina paa. Baada ya Pasaka, naapa. Ila usimwambie Milka. Atanifungia ndani kama kuku anayeatamia."

Sikumwambia mkewe. Mimi ambaye sijui kunyamaza, hapo nikaweza. Nilimwonea haya mama, nikaogopa kugeuka mwanamke anayetangaza kwamba ukoo wake umeoza. Basi tofauti yangu na mama ni ipi? Yeye alinyamaza miaka arobaini na nane, mimi miezi miwili. Inatosha.

Machi, gari la jirani likakwama kwenye tope mbele ya kanisa. Ognyan akaenda kusukuma. Gari likatoka. Yeye akabaki amelala kifudifudi kwenye tope, na jirani akadhani anafanya mzaha.

"Gari tena," akasema mama. "Nilisema magari."

Safari hii nilichapa kwa namna yangu. Chini ya picha ya Ognyan niliandika: *Alikufa kwa moyo, kama baba yake, baba yake mkubwa na babu yake. Walio wa damu moja naye wakapimwe.* Nikabandika getini kwa Milka, getini kwa mama, kituoni na mlangoni pa kanisa. Mama akazibandua zote. Nikabandika tena. Akabandua. Kijiji kizima kilituangalia, wanawake wawili wazee tunapigana kwa gundi. Hata salamu hatukupeana.

Asubuhi ya tatu nilimkuta Milka amesimama getini kwake, Raya kamshika mkono, naye anaisoma karatasi kabla mama hajaifikia.

"Ulijua lini, shangazi?"

"Yordanovden."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua, kisha akauliza, "Basi la mjini linapita saa ngapi?"

Tukalisubiri wote watatu, maana kwetu hakuna anayeendesha.

Kwenye hospitali kubwa ya mjini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi. Akachukua kalamu, akauliza lilelile: "Kwenu kuna mtu aliyekufa kijana kwa ajili ya moyo?" Milka akanigeukia. Nikafungua mkoba, nikamwekea karatasi mbili mezani, ile ya watatu niliyoichapa hatimaye na ya Ognyan, nyuso nne. Alizisoma taratibu, akaweka kalamu chini. Alisema kuna moyo ambao hata ukipasuliwa unaonekana mzima. Kinachoharibika ni umeme wake, nao hurithiwa kama macho. Kuna vidonge. Wanaomezeshwa mapema wengi wao huzeeka. Kisha akaniambia nisiondoke, zamu yangu inafuata.

Wakamlaza Raya kitandani, wakambandika nyaya kifuani. Mashine ikaanza kutoa karatasi yenye mistari.

"Bibi," akaniita, "hii inachapa kama yako?"

"Inachapa."

"Itatoa na picha yangu?"

"Hii haina picha," nikasema. "Hii ni ya watu wazima na watoto walio hai."

Akaridhika, akatazama dari. Daktari aliichana karatasi, akaitandaza mezani, akachukua rula na kuanza kupima mstari mmoja, halafu akaupima tena. Milka alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu msiba. Daktari akamwita nesi, akamwambia aandae kitanda wodini, mtoto hataondoka leo.