Uzi Mrefu kwa Chozi

Mkwe wangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani aliyevunjika mguu ni balaa ndani ya nyumba. Aliteleza bafuni. Hospitali wakamfunga plasta kutoka unyayo hadi chini ya goti, wakamwambia asikanyage pedeli mpaka watakapoifungua. Mwanangu ni dereva wa lori na muda mwingi yuko safarini, kwa hiyo kazi ya kumtuliza mkewe ikaniangukia mimi. Hatulii. Anakaa kwenye kibaraza cha nyuma, anainuka, anagonga magongo yake mpaka jikoni, anafunua sufuria niliyoifunika, anarudi. Cherehani tuliifunika shuka, lakini kila akipita anainua upindo kidogo aitazame, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Asubuhi moja akaniambia kuna uchafu unaning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo, kule mwisho karibu na ukuta, nimletee mkasi aukate. Nikaenda kuutazama. Ulikuwa kifuko cha majani makavu na vipande vya magome, kimefungwafungwa kwa utando wa buibui, kina tundu ubavuni na kipaa kidogo juu ya tundu kama kile cha mbele ya duka. Nikamwambia mkasi ukae ulipo, hiyo ni nyumba ya yule ndege chozi.

Hakukubali. Chozi anawajua, alisema, chozi anang'aa, na huyo aliyekuwa akiingia na kutoka ni kadude tu ka rangi ya vumbi. Nikamwambia huyo ni jike, atazame mdomo: mrefu, mwembamba, umepinda kama sindano iliyogonga chuma. Hapo akanyoosha shingo autazame vizuri, maana sindano za namna hiyo ametupa nyingi. Kesho yake dume likaja likatua ukutani, jua likalipiga, na mkwe wangu akanishika mkono.

"Mama, ile ni satini," akasema. "Kijani huku, akigeuka zambarau. Kitambaa kama kile ukikikata vibaya unalia."

Tangu hapo akapata shughuli. Nguo zikaanza kuanikwa ndani, mashuka yangu yakanuka unyevu. Akaweka sahani ya wali chini ya waya. Nikamwambia chozi hana habari na wali, yeye hunyonya utamu wa maua na kula vidudu, basi mjukuu wangu akaamriwa amwagilie yale maua mekundu ya uani kila jioni. Paka wa jirani, ambaye tunamwita Hakimu kwa jinsi anavyotukodolea macho, akapigwa marufuku. Mwanangu akipiga simu kuuliza habari za mguu anaelezwa habari za ndege, mpaka siku moja akaomba azungumze na mimi, akaniuliza kama aliyevunjika ni mguu peke yake.

Lakini kutazama tu hakukumtosha. Jike alikuwa bado anaongeza vitu ndani ya kifuko, na mkwe wangu akaona amsaidie. Akafungua droo ya cherehani akatoa mabaki ya nyuzi, nyekundu, buluu, na ile nailoni ngumu ya kushonea mabegi, akaziachia zining'inie ukutani, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Nikamwambia ndege anaijua kazi yake, tumwache.

"Mgeni kaja mpaka uani kwangu, Mama, nimtazame tu kwa macho?"

Sikumbishia zaidi. Hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimkalisha kitini. Tena, kusema kweli, jike alipokwisha kuzichukua na kuzifuma, nyumba ile yenye uzi mwekundu ilipendeza.

Wakaanguliwa makinda wawili. Walipoota manyoya, kinda wa kwanza akatoka asubuhi, akaruka mpaka kwenye maua mekundu. Wa pili akajitupa nje, akabaki ananing'inia kichwa chini. Ile nailoni ilikuwa imemzunguka mguu. Akapigapiga mabawa, akajizungusha, uzi ukazidi kukaza. Mama yake akawa anapiga kelele juu ya waya, na Hakimu alikwisha kupanda ukutani.

Nilimtupia Hakimu kandambili, akaondoka bila haraka. Mkwe wangu alikuja na gongo moja na kile kichuma chake cha kufumulia mishono. Alitaka nikate mimi. Lakini mimi hata uzi wa kutunga kwenye sindano hunitungia yeye.

"Siuoni huo uzi, mwanangu. Mimi nitamshika, wewe kata."

"Nitamkata mguu, Mama."

"Shela la bibi harusi ulilifumua bila kuacha tundu. Simama kwanza utulie."

Nikamfumbata yule kinda. Alikuwa mwepesi kama hakuna kitu, ila moyo wake niliusikia kiganjani, mbio mbio. Mkwe wangu akaangusha gongo, akaniegemea begani, mguu wa plasta ameunyanyua. Nikangoja. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, kisha pumzi zikaanza kurefuka. Mkono ukatulia. Akaingiza ncha ya kichuma, akakata mzunguko mmoja, akapumua, akakata mwingine.

Mguu ulikuwa na alama nyekundu, na vidole havikufunga. Tulimweka kwenye tawi karibu na mwenzake. Akashika kwa mguu mmoja, akainama, akashika tena.

Tukarudi kibarazani. Jike alikuwa amepotea. Jua likapanda, chai ikapoa, nzi akatua juu ya plasta akatembea atakavyo, na mkwe wangu hakuinuka wala hakuuliza sufuria ina nini. Mwishowe jike akaja na buibui mdomoni. Akamlisha yule mzima, akaondoka. Akarudi tena, akaruka huku na huku, kisha akamwinamia wa pili.

"Amekula," mkwe wangu akasema polepole. "Mguu je, utapona?"

Nikamwambia sijui.

Akachukua magongo, akazing'oa nyuzi zote za ukutani, kisha akashuka uani kutafuta zile zilizopeperuka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika beseni, naona mchanga mtupu.

"Na huu, Mama," anasema, anainama na plasta yake. "Na huu hapa. Subiri, na ule kule."